Nyimbo zangu 3 za nyatiti niziweke wapi mtandaoni?

MpigaNyatiti_Kisumu: Hamjambo. Mimi ni fundi viatu hapa Kibuye. Jioni napiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, na nimetunga nyimbo 3. Moja ni ya marehemu mama. Nilizirekodi kwa simu saa nane usiku, maana mchana pikipiki hazinyamazi, na mvua ikipiga mabati basi tena. Sitafuti pesa, nataka zisikike. Lakini naogopa mtu atazichukua aseme ni zake. Niziweke wapi?

SautiYaMilimani: Ndugu, hakimiliki ni yako tangu uliporekodi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikulazimishi usajili kwanza, ila ukitaka ushahidi zaidi, zisajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Anza na YouTube, hata kwa picha moja tu, uandike jina lako na mwaka. Spotify lazima upitie msambazaji, yaani kampuni ya kukupelekea nyimbo huko, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi. Mimi ningeiacha kwanza.

BesiYaNyakach: Pole sana kwa mama. Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, pia ni nzuri, anayependa ananunua, wao hukata asilimia 15. Ila simu usiiweke karibu na mguu! Ile pete ya kidole cha mguu ikigonga mbao ya nyatiti, sauti inapasuka. Isogeze hatua mbili, uilaze juu ya blanketi. Hifadhi faili la WAV, lina sauti kamili; MP3 imebanwa, ni ya kutumiana WhatsApp.

MpigaNyatiti_Kisumu: Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu blanketi, hata njuga za mguuni zinasikika moja moja. Wa mama naupandisha Jumapili.