Mini yenye SU HS4 inamisi kwenye sailensa: nifufue kabureta, nifunge Weber, au nianze na umeme?

Mini998
Habari wakuu. Nina gari aina ya Mini ya 998 cc, kabureta moja ya SU HS4. Ikiwa baridi inawaka vizuri kwa choki. Ikishapata moto sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inatetemeka, na nikikanyaga ghafla inakohoa kwanza ndipo ivute. Naona njia tatu: kununua vifaa vya kufufua hiyo SU, kuing'oa nifunge kabureta nyingine ya Weber DCOE, au kuacha kabureta kwanza nifunge mfumo wa cheche usiotumia kontakti (swichi ndogo ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi cheche). Ipi ni bora?

BisibisiBapa
Usinunue kitu bado. Kabureta yako moja inalisha silinda zote nne, kwa hiyo ikiugua, zote zinaugua. Ikimisi (isipowaka) silinda moja tu, tafuta kwenye plagi, waya, kepu ya distribyuta au valvu.

Injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Waya uliochomolewa uvishe plagi ya akiba iliyogusa chuma cha injini, ili cheche ipate njia. Ukichomoa na mlio usibadilike, silinda hiyo haikuwa inafanya kazi.

Halafu injini hii ina jambo lake: silinda ya 1 na ya 2 zinavuta hewa kupitia tundu moja kwenye hedi, ya 3 na ya 4 kupitia lingine. Jozi nzima ikilegea, shuku gasketi ya manifoldi upande huo, au gasketi ya hedi iliyoungua katikati ya silinda hizo mbili.

MamaCheche
Naunga mkono kuanza na umeme, ila si lazima kununua mfumo mpya. Weka uwazi wa kontakti milimita 0.4 na wa plagi kama 0.6, kisha badilisha kondensa, kile kifaa kidogo kinachofungwa pamoja na kontakti. Kondensa inayokufa hupenda kusumbua injini ikishapata moto, kama unavyoeleza.

Mfumo usio na kontakti ni mzuri kweli, unakuondolea kazi ya kupima uwazi kila mara. Lakini hakikisha kwanza upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Mini za miaka ya mwanzo zilifungwa chanya, na kifaa cha hasi kikiingia hapo kinaungua. Pia distribyuta imekaa mbele, nyuma ya grili. Kama tatizo linazidi siku ya mvua, kausha kepu na waya kabla ya kugusa kingine chochote.

PedaliChini
Mimi ni mpenzi wa DCOE na naipenda sauti yake kuliko maelezo. Bado sikushauri. Kwenye Mini mara nyingi inabidi ukate bodi nyuma ya injini ili ienee, kisha utafute jeti (vitundu vya kupimia petroli) zinazofaa. Injini isiyoongezwa nguvu haitakulipa jasho hilo.

OiliNyepesi
Huko kukohoa ukikanyaga ghafla ni dalili ya kawaida ya SU iliyokauka oili ya dampa (sehemu inayopunguza kasi ya pistoni ya kabureta). Fungua kifuniko kidogo cha juu, ongeza oili ya SAE 20. Bila oili pistoni hiyo, si ya injini, inaruka haraka mno na petroli inazidiwa na hewa. Kisha nyanyua pistoni uiachie: ishuke huru na igonge chini, uisikie. Ikisita, safisha pistoni na chumba chake kwa kitambaa, bila msasa kabisa.

Sailensa inayopanda na kushuka nina shaka na ekseli ya kipepeo (fimbo inayoshika kile kibati cha kufungua na kufunga hewa ndani ya kabureta), maana matundu yake hulika na kuvuta hewa. Nyunyiza maji kidogo pale kwenye ncha zake. Mlio ukibadilika, umepata. Tafadhali usitumie dawa ya kusafishia kabureta: kwenye Mini ekzosi iko chini ya kabureta upande uleule, na dawa hiyo inashika moto.

Mini998
Asanteni sana. Nimechomoa waya zote nne, mlio unashuka sawasawa kila mara. Kondensa mpya haijabadilisha kitu. Dampa ilikuwa kavu; baada ya oili kukohoa kumepungua sana. Na maji kwenye ncha ya ekseli yanatuliza sailensa kwa muda mfupi.

OiliNyepesi
Basi ni ekseli na bushi zake, Weber isahau. Ukishabadilisha, mchanganyiko utahitaji kupangwa upya kwa sababu hewa ya wizi haipo tena. Injini ikiwa moto, nyanyua pistoni ya kabureta kwa pini yake, kwa kiasi kisichofika milimita 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha nati ya jeti. Injini ikitaka kuzima, petroli ni pungufu: ishushe. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, hapo ndipo. Zungusha pembe moja ya nati kwa wakati, upime tena.

BisibisiBapa
Na kabla ya kupanga mchanganyiko, pima valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.30.