Deni la mali iliyoungua SIDO: lidaiwe mpaka lini?

Muuza viatu, Mwanjelwa
Mwagonile ndugu zangu. Soko la SIDO hapa Mbeya lilipoungua Agosti 2017, viatu vyangu vya mtumba viliteketea vyote, mengine marobota hata sikuwa nimeyafungua. Nilikuwa na mkopo wa milioni 3, nimesharejesha karibu nusu. Rejesho la mwisho nililipa Desemba mwaka huohuo, nikakwama. Wakopeshaji walikuja mara mbili tatu, wakaona hali, wakanyamaza.

Wiki iliyopita kanipigia kijana kwa namba ngeni, ananitaja majina yote matatu. Eti sasa ni milioni 4 na laki 6, nilipe kabla ya Ijumaa au anakuja na dalali. Nikamuuliza karatasi iko wapi, akakata. Kesho yake kampigia shemeji yangu kule Chunya, kamwambia mimi ni tapeli. Shemeji hajawahi kunidhamini hata siku moja.

Msimamo wangu: deni la namna hii lina mwisho. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kupeleka mahakamani madai ya mkataba, nayo imepita. Nimekosea wapi?

Karani wa SACCOS, Tukuyu
Pole kaka, ila umekosea kwenye hilo neno "mwisho". Ukomo unamfungia mdai mlango wa mahakama, haufuti deni. Na hela uliyochukua haikuwa ya huyo kijana wa simu. Kwetu huku mikopo inatoka kwenye akiba za wakulima wa chai na ndizi. Wewe usiporudisha, mama aliyekuja kutoa ada ya mtoto anaambiwa aje mwezi ujao. Nimewahi kumwambia mama wa watu hivyo mimi mwenyewe, dirishani, na alikuwa ametembea kwa miguu. Tena wapo walioungua SIDO hiyohiyo wakalipa. Mmoja namjua, aliuza pikipiki.

Bodaboda, Kabwe
Karani unaongea kama wadai wote ni SACCOS! Mimi nilikopa elfu 50 kwenye programu ya simu. Nilipochelewa wakawatumia ujumbe watu wote niliowahifadhi, mpaka mchungaji. Ndiyo hiyo mikopo ya kausha damu, inayomkamua mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilipopiga marufuku programu 69 zisizo na leseni nilishangilia, lakini kanisani nilikuwa nimeshaaibika.

Msaidizi wa kisheria, Soweto
Mwenye mada, hesabu yako inaanzia pale uliposhindwa kulipa, na kila rejesho ulilolipa ndani ya ile miaka 6, au maandishi uliyosaini kukiri deni, yanaianzisha upya. Ndiyo maana hawa wa simu hupenda kusema "tuma hata elfu 10 ya kupoza". Usitume. Mwambie alete mkataba, mchanganuo wa malipo na barua ya kumtuma. Kama uliweka kiwanja rehani, hesabu ni nyingine na ni ndefu zaidi. Na samansi ikija usiitupe ukisema muda umepita. Nenda ukayasemee hayo mbele ya hakimu, la sivyo utahukumiwa hupo.

La shemeji ni kosa jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Hifadhi namba, tarehe, na ujumbe kama upo.

Karani wa SACCOS, Tukuyu
Simu kwa shemeji hata mimi siitetei, ni ushamba. Nauliza moja tu: biashara ikichangamka baada ya mavuno ya mpunga, ile nusu iliyobaki utairudisha, au umeshajificha nyuma ya miaka 6?

Muuza viatu, Mwanjelwa
Dada, umenibana. Ile nusu ya mtaji nitailipa, ofisini kwao, kwa risiti. Milioni 4 na laki 6 kwa mtu asiye na karatasi, hapana.

Msaidizi wa kisheria, Soweto
Basi kabla hujatoa hata shilingi, waandike na wasaini kwamba hiyo nusu ndiyo yote na riba wameifuta. Mwanzo wa maandishi hayo weka sentensi kwamba hukiri kiasi kingine chochote. Wakikataa kusaini, rudi na hela yako.

Bodaboda, Kabwe
Na shemeji aombwe radhi kwa namba ileile.