Mjadala: Krishna alimwambia Arjuna fedheha ni mbaya kuliko kifo. Hoja hiyo bado inafaa kumwambia mtu leo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mada ni nzito kidogo, kwa hiyo naomba tubishane kwa hoja, tusitukaniane dini.

Bhagavad Gita wengi mnaisikia. Ni beti 700 ndani ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindi: Krishna, Mungu katika umbo la mtu na mwendesha gari la vita, akizungumza na shujaa Arjuna kwenye uwanja wa Kurukshetra huku majeshi mawili yakitazamana. Arjuna anaangalia upande wa pili, anamwona babu yake Bhishma, mwalimu wake Drona, wajomba, binamu. Mdomo unamkauka, mwili unamtetemeka, upinde wake Gandiva unamponyoka mkononi. Anakaa chini garini mwake, anasema hapigani.

Krishna anaanza kwa kumweleza kwamba roho haiuawi, haichomwi moto wala hailoweshwi na maji. Kisha anamkumbusha kuwa yeye ni Kshatriya, mtu wa tabaka la wapiganaji, na vita ya haki ndiyo dharma yake, yaani wajibu wake mtakatifu. Halafu, sura ya 2 kuanzia ubeti wa 34 hadi 36, anashuka ghafla kutoka mbinguni mpaka kijiweni. Anamwambia watu watausimulia ubaya wako daima, na kwa mtu aliyekwisha kuheshimika fedheha ni mbaya kuliko kufa. Mashujaa wenzako watasema umekimbia kwa woga. Maadui nao watakusema maneno yasiyosemeka, na uchungu gani unaozidi huo?

Mimi nasema hoja hii ni halali, ila ina mpaka mmoja. Tazameni anayeambiwa ni nani: ni mwenye heshima yenyewe. Jina ni lake, na mwili utakaochomwa mishale ni wake. Krishna hamwambii Arjuna amtoe mtu mwingine kafara ili jina lake lisichafuke. Siku fedheha ya mmoja inapolipwa kwa uhai wa mwingine, tumeshatoka kwenye Gita, hata kama tunaendelea kuinukuu.

Karibuni.

Jibu, kutoka Tanga

Mkuu, "mwili wa mwingine" hauoni? Na Bhishma, je? Na Drona? Vita ile ilidumu siku 18 na walionusurika wanahesabika kwa vidole. Arjuna alikuja na swali la dhamiri, akarudishiwa jibu la "watu watasemaje." Ndiyo hoja kongwe kuliko zote za kumpeleka kijana wa watu vitani.

Huku kwetu wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko kinauma, sawa, lakini mama yake yule mwoga jioni anampakulia mwanawe chakula.

Jibu, kutoka Mombasa

Ndugu zangu, mimi ni Mhindu, nimezaliwa Mombasa, na Gita tumeisoma nyumbani tangu utotoni. Mnachofanya ni kuchukua beti tatu na kuziacha mia sita na ushee.

Ubeti wa 38, hatua chache tu mbele, Krishna anamwambia azione raha na karaha, faida na hasara, ushindi na kushindwa kuwa ni sawa. Ubeti wa 39 anamwambia wazi kuwa hapo nyuma alimweleza hekima ya aina moja, sasa asikilize nyingine. Ukifika sura ya 12, mja anayependwa na Mungu ni yule ambaye kwake heshima na dharau ni kitu kimoja, asifiwe au asemwe vibaya yuko vilevile. Sura ya 14 inalirudia hilo. Mtu aliyefika hapo utamtishia na fedheha gani?

Krishna alianza na Arjuna pale alipokuwa. Kijana wa kifalme aliyelelewa kwa sifa tangu mdogo huwezi kumwambia siku ya kwanza kwamba sifa ni upepo. Unamshika kwanza na kile anachokijua. Gandhi katika sala zake za jioni alisomesha beti 19 za mwisho za sura ya 2, zile zinazomweleza mtu mwenye akili iliyotulia. Nyie mmeng'ang'ania zile tatu.

Jibu, kutoka Dodoma

Mkuu wa Mombasa, umeeleza vizuri, ila umeruka kitu. Sura ya 11 ubeti wa 33, baada ya Krishna kumwonyesha Arjuna lile umbo lake la kutisha, anamwambia simama, ujipatie sifa, uwashinde maadui. Sifa tena! Kama sifa ilikuwa ngazi ya kupandia tu, mbona imerudi wakati mwanafunzi yuko juu darini?

Halafu kila mtu anasoma anachotaka. Tilak, mpigania uhuru wa India, akiwa gerezani Mandalay, Burma, aliandika ufafanuzi mzima kwamba Gita inahimiza kutenda. Gandhi akaona vita vyote vile ni vya ndani ya moyo wa mtu. Na Godse, aliyempiga Gandhi risasi tarehe 30 Januari 1948, naye Gita ilikuwa yake. Kitabu kimoja, na mmoja wa wasomaji wake kamuua mwingine. Kwa hiyo hilo la "soma yote" halitusaidii sana.

Mleta mada

Dodoma, ubeti huohuo wa 33 unamwambia Arjuna awe chombo tu, maana walio mbele yake wamekwisha uawa na Mungu mwenyewe. Sifa hapo inatolewa kama zawadi, haitumiki tena kama fimbo. Lakini nakubali jambo moja: haijafutwa. Mahabharata nzima haijawahi kuifuta.

Na hapa ndipo ninapotaka kumjibu Tanga, kwa kisa ambacho wanaonukuu sura ya 2 huwa hawakifikii. Kiko Karna Parva, kitabu kimojawapo cha Mahabharata, vita imekolea. Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna, amejeruhiwa na Karna, shujaa wa upande wa maadui, amerudi kambini. Arjuna anakuja kumjulia hali. Kaka anadhani Karna ameuawa. Akisikia bado, anapandwa na hasira na kumtolea mdogo wake maneno: huo upinde wako mpe mtu mwingine. Sasa, Arjuna alikuwa na nadhiri ya siri kwamba yeyote atakayemwambia hivyo atamkata kichwa. Anachomoa upanga. Juu ya kaka yake! Wajibu ni wajibu, nadhiri ni nadhiri.

Krishna anamkemea, anamwita mtu asiyejua dharma. Anamsimulia habari za Kaushika, mtawa aliyejifunga kusema kweli tu, akawaonyesha majambazi walikojificha watu, watu wakauawa, na yeye mwisho wake ukawa motoni. Kisha anampa njia: mkubwa akivunjiwa heshima ameshakufa ingawa anapumua. Basi mwite "wewe", mtukane, nadhiri yako itakuwa imetimia. Arjuna anamporomoshea kaka yake matusi. Akimaliza anaona aibu ya alichofanya, anachomoa upanga tena, safari hii ajiue mwenyewe. Krishna anamwambia jisifu, kwa sababu kujisifu ni sawa na kujiua. Arjuna anasimama pale na kuanza kujitapa, mimi ni bingwa, hakuna kama mimi. Kisha anamwangukia kaka yake miguuni.

Ni kanuni ileile: fedheha ni kifo. Uwanjani ilitumika kumsukuma mtu apigane, na kambini imetumika damu isimwagike. Mwalimu ni yuleyule na mwanafunzi ni yuleyule.

Jibu, kutoka Tanga

Kisa kizuri, nimecheka hapo kwenye kujisifu. Lakini baada ya hapo Arjuna akaenda wapi? Akaenda kumuua Karna, ambaye naye ni kaka yake wa tumbo moja, ila hajui.

Na kwa vile umemtaja Karna: kabla ya vita, baba yake Surya, mungu wa jua, alimtokea ndotoni akamwonya asimpe Indra, mfalme wa miungu, ile deraya na hereni alizozaliwa nazo. Alimwambia sifa humfaa aliye hai. Sifa ya maiti ni kama shada la maua aliyovishwa mfu. Karna akakataa, akasema heri sifa kuliko uhai. Akavitoa, na alipokosa hivyo vitu akauawa. Tukubaliane tu kwamba ndani ya kitabu hichohicho kuna mungu aliyesema kinyume cha ubeti wa 34, tena alikuwa baba anayemsihi mwanawe.

Jibu, kutoka Nairobi

Naona kaka zangu mnabishana kuhusu wanaume wenye mikuki. Niruhusuni niwarudishe kwenye mpaka aliouchora mleta mada, kwamba mwenye heshima alipe mwenyewe.

Kurukshetra leo ni wilaya katika jimbo la Haryana, India. Wilaya ya jirani, Kaithal, mwaka 2007 kijana na binti waliuawa kwa sababu walioana wakiwa wa gotra moja, yaani ukoo mmoja wa asili kwa hesabu za wazee. Sheria ya nchi ilikuwa haiwakatazi. Baraza la ukoo, wanaloliita khap, ndilo lililowakatalia. Mwaka 2010 mahakama ya Karnal iliwahukumu kifo jamaa watano wa binti. Tarehe 27 Machi 2018 Mahakama ya Juu ya India ikasema bila kuzunguka kwamba baraza lolote kuingilia ndoa ya watu wazima wawili waliokubaliana ni kinyume cha sheria. Jina lililosafishwa ni la kina baba na kina kaka, na aliyelipa ni binti na mumewe.

Mtaniambia huo ni mila, haumo kitabuni. Sawa, twendeni kitabuni. Ramayana ya Valmiki, utenzi mwingine mkubwa wa Kihindi. Rama amemshinda Ravana, aliyemteka mkewe Sita, na Sita analetwa mbele yake, na neno analomwambia hadharani ni kwamba vita hii amepigania jina lake na la ukoo wake, si kwa ajili yake Sita. Sita anaingia motoni na kutoka mzima. Haijatosha. Katika kitabu cha mwisho, Bhadra, mtu wa baraza lake, anamletea Rama maneno ya mitaani, kwamba mfalme anaishi na mwanamke aliyekaa nyumbani kwa mwingine. Rama anajua Sita hana kosa. Anamwagiza mdogo wake Lakshmana ampeleke msituni hivyohivyo, mjamzito. Kwa hofu ya lawama ya watu, basi.

Mleta mada, huo mpaka wako Rama aliuruka.

Jibu, kutoka Mombasa

Dada, hicho kitabu cha mwisho wasomi wengi wanakiona ni nyongeza ya baadaye. Na Tulsidas, ambaye masimulizi yake ndiyo yanayosomwa zaidi kaskazini mwa India tangu karne ya 16, hakukiweka kisa hicho cha Sita kufukuzwa. Waumini wenyewe kiliwakaa vibaya.

Halafu Rama ni mfalme. Mfalme akisemwa, ufalme wote unayumba. Kwake jina halikuwa mali ya binafsi.

Jibu, kutoka Nairobi

Kukiacha nje siyo kukijibu, kaka yangu. Kama Tulsidas alikiona kinamchoma, basi ameungana na mimi, hajakutetea wewe.

Na hilo la ufalme nalikataa, maana Rama ufalme alishawahi kuuacha. Siku ya kutawazwa aliambiwa baba yake Dasharatha ametoa ahadi kwa Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama, kwamba mwanawe Bharata atawale, akavaa magome ya miti akaenda msituni miaka 14, na mji wake Ayodhya haukuanguka. Bharata aliweka viatu vyake kwenye kiti cha enzi, mambo yakaenda. Kwa ajili ya neno la baba, kiti kilikuwa kitu cha kuachwa asubuhi moja. Watu walipomsema mkewe, viatu vile vilikuwa vimepotelea wapi?