Jaribio la foleni ya thredi nyingi kwa C: kwenye seva linapita daima, kwenye laptopu linaanguka. Naombeni mnikagulie

mtambo_64

Wakuu, habari za jioni. Nina foleni ya nafasi 16 inayotumiwa na thredi nyingi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja), inayolindwa na kufuli moja (mutex). Jaribio lake lina wazalishaji 4 na walaji 4 (`N`), kila mzalishaji anaweka namba 100,000 (`KILA`). Kwenye seva ya kujengea (`-O2 -DNDEBUG`) halijawahi kushindwa, linamaliza kwa sekunde 2 kila mara. Kwenye laptopu (`-O0 -g`) `jumla` inatoka pungufu mara nyingi, na kila ukirudia inakuja namba nyingine. `volatile` haikusaidia. Kosa liko kwenye foleni au kwenye jaribio? `weka()` ni kama `toa()`, imegeuzwa tu.

```c
volatile int mwisho = 0;
long jumla = 0;

void *mzalishaji(void *a) {
    int id = *(int *)a;
    for (int k = 0; k < KILA; k++)
        weka(&q, id * KILA + k);
    return NULL;
}
void *mlaji(void *a) {
    int v;
    while (toa(&q, &v)) jumla++;
    return NULL;
}
int toa(struct foleni *q, int *v) {
    int ok = 0;
    pthread_mutex_lock(&q->kufuli);
    if (q->idadi == 0 && !mwisho)
        pthread_cond_wait(&q->hali, &q->kufuli);
    if (q->idadi > 0) {
        *v = chukua(q);
        ok = 1;
        pthread_cond_signal(&q->hali);
    }
    pthread_mutex_unlock(&q->kufuli);
    return ok;
}
/* ndani ya main */
for (i = 0; i < N; i++)
    assert(pthread_create(&z[i], NULL, mzalishaji, &i) == 0);
/* walaji vilevile */
sleep(2);
mwisho = 1;
pthread_cond_broadcast(&q.hali);
assert(jumla == N * KILA);
```

Bi_Kufuli

Mkuu, anza na seva, maana huko ndiko unakodanganywa. `-DNDEBUG` inafuta kila `assert` (ukaguzi unaosimamisha programu sharti lisipotimia) pamoja na kilichomo ndani yake, na wewe `pthread_create` umeiweka ndani ya `assert`. Kwa hiyo kwenye seva haianzishwi thredi hata moja. Hizo sekunde 2 ni za `sleep(2)` peke yake, kisha ukaguzi wa `jumla` nao umefutwa, programu inarudisha 0. Laptopu ndiyo inayosema kweli.

Tengeneza makro yako isiyojali NDEBUG, iite `HAKIKI`: kama sharti halikutimia, ichapishe faili na mstari kwenye `stderr`, halafu `abort()`. Na majibu ya pthread yaweke kwanza kwenye kigeu, ndipo uyakague.

pointa_tupu

Nakubaliana na Bi Kufuli. Naongeza makosa mawili yaliyo kwenye jaribio lenyewe, yaani yangekuangusha hata foleni ingekuwa safi.

La kwanza ni `jumla++`. Hiyo ni kazi tatu: soma, ongeza, andika. Walaji wawili wakisoma 5000 kwa pamoja, wote wanaandika 5001, moja imepotea. Hata kompaila ikiigeuza kuwa amri moja ya x86, bila kiambishi cha `lock` kore mbili bado zinafutiana. `volatile` inamwambia kompaila asome na kuandika kweli kwenye kumbukumbu. Haifanyi kazi hizo tatu kuwa kitu kimoja.

La pili ni `&i`. Thredi zote zinapewa anwani ya kigeu kimoja ambacho `main` inaendelea kukiongeza. Mzalishaji wa kwanza akichelewa kuanza anaweza kusoma 1, 2, au hata 4. Unapata wazalishaji wawili wenye `id` moja, na hulioni hilo kwa sababu unahesabu tu namba zilizotoka, hukagui ni zipi. Tengeneza `int ids[N]`, pitisha `&ids[i]`.

Ukaguzi wenyewe ufanye hivi: kila mlaji awe na safu yake ya baiti 400,000, akipata `v` anafanya `yangu[v]++`. Thredi zote zikishakusanywa kwa `pthread_join`, `main` inajumlisha safu nne, na kila namba lazima iwe imeonekana mara moja kamili. Kumbukumbu yote haifiki hata MB 2. Juu ya hapo, namba za mzalishaji mmoja zinazomfikia mlaji mmoja lazima ziwe zinapanda. Zikirudi nyuma, foleni imevuruga mpangilio.

kore_nane

Kwenye foleni sasa: `if` iliyo kabla ya `pthread_cond_wait` (inayoachia kufuli na kulaza thredi hadi iitwe) iwe `while`. POSIX (kiwango kinachoeleza pthread) inaruhusu thredi kuamka bila kuitwa, na hata ikiitwa, kati ya kuitwa na kulipata kufuli mlaji mwingine anaweza kuwa ameshachukua kile kitu. Kwa msimbo wako aliyeamka anakuta `idadi` ni 0, anarudisha 0, na mlaji huyo ameondoka moja kwa moja. Wakiondoka wanne, foleni inajaa 16 na wazalishaji wanalala milele. Huoni mkwamo kwa sababu `main` haiwasubiri, unaona `jumla` pungufu tu.

Na `mwisho` ifanye `atomic_int` (namba inayosomwa na kuandikwa kwa hatua moja isiyokatika), basi.

Bi_Kufuli

Hapo kwenye `atomic_int` naomba nipinge, hilo ni tatizo la mpangilio. Mlaji ameshika kufuli, amesoma `mwisho` ni 0, hajaingia bado kwenye `wait`. Hapohapo `main` inaandika 1 na kupiga `broadcast`. Hakuna aliyelala, mwito umepotea. Mlaji anaingia kulala na hakuna wa kumwamsha tena. Atomiki haizuii hilo. Kinachozuia ni kuandika `mwisho` ukiwa umeshika kufuli lilelile, na ukifanya hivyo `int` ya kawaida inatosha. Toa `sleep` pia:

```c
for (i = 0; i < N; i++) pthread_join(z[i], NULL);
pthread_mutex_lock(&q.kufuli);
mwisho = 1;
pthread_cond_broadcast(&q.hali);
pthread_mutex_unlock(&q.kufuli);
for (i = 0; i < N; i++) pthread_join(m[i], NULL);
```

Kuna kosa jingine ambalo nafasi 16 zinalificha: wazalishaji na walaji wanalala kwenye `hali` moja, na unatumia `signal`, ambayo kazi yake ni kumwamsha mmoja, si wote kama `broadcast`. Shusha nafasi ziwe 1 ufuatilie. Foleni tupu, walaji M1 na M2 wamelala; Z1 na Z2 ni wazalishaji. Z1 anaweka kitu, mwito unamfikia M1. Kabla M1 hajapata kufuli, Z1 anataka kuweka tena, pamejaa, analala; Z2 naye analala. M1 anachukua kitu, anapiga `signal`, na mwito unamwangukia M2 badala ya Z1. M2 anakuta patupu, analala. M1 anarudi, patupu, analala. Wote wanne chini. Kwa nafasi 16 na thredi 4 kila upande haiwezi kutokea: mpaka foleni ijae kutoka tupu, miito 16 imeshapigwa na kila mlaji ameshaamshwa.

Tumia mbili: `kuna_kitu` kwa walaji, `kuna_nafasi` kwa wazalishaji. Ile `broadcast` ya mwisho iende kwenye `kuna_kitu`. Na nafasi 1 iwe sehemu ya kudumu ya jaribio.

mtambo_64

Asanteni sana. Nimeweka `while` na `join`, nikaacha `hali` moja kwa makusudi, nafasi 1: imekwama kweli. Nitajuaje nani amelala wapi? Na je, kuna zana ingeniambia haya yote mapema?

pointa_tupu

Ikiwa imekwama, tumia kitatuzi cha gdb: `gdb -p` na namba ya mchakato, kisha `thread apply all bt`. Ukiona thredi zote za kazi ziko ndani ya `pthread_cond_wait`, ni mwito uliopotea. Zikiwa ndani ya `pthread_mutex_lock`, angalia nani ameshika kufuli na yeye anasubiri nini.

Zana ni ThreadSanitizer, inayokamata thredi zinazogusa kumbukumbu moja bila ulinzi, ipo kwenye kompaila za GCC na Clang:

```
gcc -std=c11 -g -O1 -fsanitize=thread -pthread jaribio.c -o jaribio
```

Haichanganyiki na `-fsanitize=address`, jenga mara mbili. Programu inapungua kasi mara 5 hadi 15, kwa hiyo shusha `KILA` hadi 10,000. Itakamata `jumla`, `i` na `mwisho`, ikikuonyesha mistari yote miwili inayogombana. Ile `if` na ule mwito uliopotea haitavikamata, kwa kuwa kila kitu pale kimeguswa chini ya kufuli. Hayo ni ya kusoma kwa macho na ya kurudia:

```
for n in $(seq 500); do timeout 20 ./jaribio || break; done
```

Rudia pia kwa `taskset -c 0`, maana kore moja inaleta mpishano tofauti kabisa.

kore_nane

Nimekubali la `mwisho`, Bi Kufuli. Mkuu, ukimaliza, vunja foleni kwa makusudi: ondoa kufuli ndani ya `weka()`, endesha. Rudisha, geuza `while` kuwa `if`, endesha tena. Jaribio likipita kwenye mojawapo, bado lina tundu. Halafu funksheni za pthread zinarudisha namba ya kosa zenyewe, haziweki `errno` (kigeu cha kosa ambacho `perror` inakisoma), kwa hiyo `perror` itakupa ujumbe usiohusika. Tumia `strerror(r)`, `r` ikiwa namba iliyorudishwa.