Hii ndege isiyo na madirisha, ilizaliwa hivyo ama imezibwa?

MtotoWaMagongo
Wadau salama? Jana jioni nlikua Port Reitz hapa Mombasa nangoja matatu, ikapita ndege chini kabisa inakwenda kutua, nyeupe pe, haina dirisha hata moja ubavuni isipokua ya marubani. Nkaipiga picha. Sasa nilipoivuta ile picha nkaona jua limeipiga kwa upande na kuna mstari mzima wa alama zimebonyea kidogo, kama makovu ya ndui, zimejipanga palepale madirisha yangekua. Binamu yangu asema hiyo ni ya abiria imechoka ikageuzwa lori. Kweli? Na kama imechoka kubeba watu, mizigo itaibeba kwa nguvu gani? Nauliza kwa sababu nyumba yetu ya mabati iko chini ya njia yake.

SimbaWaLikoni
Hahaha hii ni matatu kinyume. Sisi twachukua chasi ya lori tunaijengea siti, wao wanachukua basi wanang'oa siti. Kwani wakati wa korona KQ (Kenya Airways) hawakutoa viti kwenye ndege zao za Dreamliner wakapakia mizigo?

FundiNdege_Chaani
Simba, ile ya korona ilikua ya muda tu, mzigo ukipitia mlango wa abiria, boksi moja moja. Anayoulizia huyu ndugu yetu ni kazi nyingine kabisa, hiyo hairudi nyuma. Binamu yako yuko sawa. Wanatoa siti, vyoo, jiko, makabati ya juu, madirisha yanazibwa kwa vibati vya alumini (ndo hayo makovu yako), sakafu inaongezwa nguvu, na nyuma ya marubani unawekwa ukuta ama neti ya kuhimili mzigo ukisukumwa mbele kwa mara 9 ya uzito wake, maana ndege ikisimama ghafla paleti (yale mabamba ya kupangia mizigo) hazina breki. Lakini kazi yenyewe ni mlango. Kwa Boeing 737 wanakata ubavu wa kushoto, mbele ya bawa, shimo la kama mita 3 na nusu kwa 2 na kitu. Miezi 3 mpaka 4 ndege iko karakana. Miami wanafanya, Tel Aviv wanafanya, Airbus huenda Dresden, na hapa jirani Addis Ababa Ethiopian wamegeuza 767 wakishirikiana na Waisraeli.

BintiKisauni
Samahani fundi lakini hapo ndo naogopa. Bodi inajazwa hewa kama puto halafu mnaikata shimo la kupitisha Probox?

FundiNdege_Chaani
Dada swali zuri. Shimo linazungushiwa fremu nzito na mabamba mengine ya ziada, na mlango ukifungwa unashikwa na makomeo mengi chini, kwa hivyo nguvu inapita hapo kama ilivyokua inapita kwenye bodi. Hakuna anayeamka asubuhi na grainda akakata tu, michoro lazima ipitishwe na mamlaka za anga.

Sasa kuhusu kuchoka. Ndege haihesabiwi miaka peke yake, inahesabiwa na miruko. Kila ikipaa inatanuka, ikishuka inanywea. 1988 kule Hawaii 737 ya shirika la Aloha yenye miaka 19 ilikua imesharuka zaidi ya mara 89,000, visafari vifupi vya visiwani, paa la mbele likabanduka angani, mhudumu mmoja akafa, na bado marubani wakaitua. Ndo tangu hapo ukaguzi wa ndege kuukuu ukawa mkali sana. Ya abiria lazima irushwe kutwa ndo ilipe mkopo wake. Ya vifurushi mara nyingi yalala mchana, usiku yapiga safari moja mbili, basi ukinunua mpya ikae tu juani ni hasara, bora ya zamani iliyoshuka bei hata kama yanywa mafuta. 757 ziliacha kutengenezwa 2004 na nyingi zimeishia kwa mizigo. Samaki hawaulizi kama siti imechanika.

KuliMstaafu
Fundi kasema, mie nimepakia ndege hizo miaka sita kabla sijaja kuuza mbata Kongowea. Pale kwenye mlango sakafu yote ni gololi za chuma, paleti ya tani mbili watu wawili wanaisukuma na kuizungusha kwa mkono, nyuma huko kuna rola. 737-800 yachukua kama tani 23. Raha yake ndo hatari yake wanangu, maana mlango uko mbele na mzigo wa kwanza waenda nyuma, kwa hivyo chini ya mkia huwekwa gongo la chuma, ndege isije ikakalia mkia pua ikainuka. Siku moja bosi wetu alikua na haraka, gongo likasahaulika. Tumesukuma paleti ya tatu, nikasikia kimya cha ajabu, kuchungulia nje naona mguu wa gurudumu la mbele warefuka polepole, ile chuma ing'aayo ndani yatoka kama shingo ya kobe. Hakuna aliyepiga kelele. Tulirudi mbele sote kumi kwa vidole vya miguu tukasimama kwenye mlango wa rubani tumebanana kama chai na mkate.

BintiKisauni
Babu wewe!! Pua ikashuka?

KuliMstaafu
Ikashuka, mmoja wetu alikua na kilo 120, Mungu amuweke. Ndo wakaleta gongo.

MtotoWaMagongo
Nshaelewa. Basi nikiiona tena naangalia miguu kwanza, makovu baadae.