Tupeane uzoefu: mafumbo ya kundi kuwa kitabu, huwa yanakwama wapi?

Mtoto wa Ngamiani
Mafumbo ya kundi letu hapa Tanga yamepita mia, na kila siku mtu anasema "tuyatie kitabuni". Mnaoijua kazi hii, mwageni. Ruhusa, michoro, majibu, uchapaji. Bei acheni, hazikai.

Bi Chumbageni
Anzeni na chujio. "Nyumba yangu kubwa haina mlango" ni yai tangu enzi za mabibi, si mali ya mwanakundi hata akiapa. Hayo yatengeni. Yaliyobaki, kila mtunzi aandike ujumbe wake mwenyewe: namba ya fumbo, jina litakalochapwa (la kwake au la utani), toleo analoruhusu, malipo ni fedha au nakala ngapi. "Nakubali" peke yake haitoshi, nakubali nini? Kwa sheria ya mwaka 1999 hakimiliki ni ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuliweka fumbo kundini hakumpi mwenye kundi haki ya kuliuza.

Pweza Mkavu
Naunga mkono. Hasa hapo kwenye jina la utani.

Yakhe wa Raskazone
Kila fumbo lijaribiwe na watu watatu wasioliona kabla, mmoja wao asiwe wa Tanga. Ukiweka dokezo "Waja leo", mwanzo wa msemo wa Tanga, Mtanga anajibu kabla hujamaliza, msomaji wa Mbeya anakodoa macho. Andika dakika alizotumia na mahali alipokwama. Ngazi ya ugumu itoke hapo, isitoke kwa mtunzi. Mtunzi siku zote husema lake ni rahisi.

Sudoku nayo, lile fumbo la kupanga namba kwenye miraba 9 kwa 9, ihakikiwe kwa programu kwamba ina jibu moja tu. Ikiwa na namba chini ya 17 zilizotangulizwa, usipoteze muda: ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba haiwezi kuwa na jibu moja tu. Lakini kufika 17 au hata 25 si dhamana.

Fundi Miraba
Picha za simu msipeleke kiwandani. Zikishapita kundini zinabanwa, zikichapwa mistari inatoka na ukungu. Chora upya kwenye programu ya mistari. Mstari mwembamba nusu pointi, mnene pointi moja na nusu. Weusi uwe weusi mtupu, usiwe mchanganyiko wa rangi nne, maana sahani za kuchapia zikipishana kidogo tu kila mstari unatoa kivuli.

Pimeni karatasi kwanza. A5 ina upana wa milimita 148. Toa 20 za upande wa mgongo na 15 za nje, zinabaki 113. Kwa mafumbo ya maneno yanayokatana, miraba 13 kwa 13 yenye milimita 8 inakula 104, inaingia. Ya 15 kwa 15 inataka 120, haiingii. Ipunguze hadi milimita 7.5 na utabaki na nusu milimita tu.

Na "ch" ikae mraba mmoja.

Bi Chumbageni
Miwili! Herufi moja, mraba mmoja.

Fundi Miraba
Shangazi, kwa heshima zote: katika Kiswahili C haitembei bila H. Ukiigawa, mraba wa C unaokatwa na neno jingine unalazimisha na neno hilo liwe na "ch". H ikae kulia, H nyingine ikae chini. Kona nzima inafungwa.

Bi Chumbageni
Na ukiiunganisha, neno linalokata hapo si lazima pia liwe na "ch"? Umehama chumba, nyumba ni ile ile.

Pweza Mkavu
😂 Kamezwa.

Fundi Miraba
Haya. Lakini kitabu kizima kifuate kanuni moja, iandikwe ukurasa wa maelekezo, na ng' nayo itajwe. Shida iliyo kubwa zaidi ni vokali: maneno yetu karibu yote yanaishia nazo, hivyo safu ya mwisho kulia na mstari wa chini hujaa A na I. Maneno mengine yaishie katikati ya mchoro.

Kapu la Makuti
Mnagombana juu ya ch wakati maafa yako nyuma ya kitabu. Kuna kitabu cha mafumbo 90. Usiku wa kuamkia kiwandani mtunzi mmoja kajitoa, fumbo la 23 likafutwa. Programu ikapanga namba upya yenyewe: la 24 likawa la 23, hivyo hivyo hadi mwisho. Majibu yalikuwa yameandikwa kwa mkono, hayakusogea. Mhakiki akajaribu la 1, la 5, la 10, la 20. Yote sawa! Nakala 500 zikachapwa, majibu 67 si yake. Msomaji wa kwanza anauliza kwa nini jibu la "mnyama wa porini" ni "sufuria". Ikachapwa karatasi ya masahihisho kurasa nne, ikapachikwa kitabu kwa kitabu.

Pweza Mkavu
SUFURIA 😭😭

Mtoto wa Ngamiani
Huyo mtunzi alijitoa kwa nini?

Kapu la Makuti
Jina lake lilikosewa herufi moja.

Yakhe wa Raskazone
Kurasa nne za nini? Kibandiko cha mstari mmoja kilitosha: "Kuanzia fumbo la 23, tazama jibu la namba inayofuata."

Kapu la Makuti
...

Pweza Mkavu
Au mngesema hilo ndilo fumbo la 90.

Bi Chumbageni
Fumbo likitoka, pachika jingine la ukubwa ule ule kwenye namba ile ile. Majibu yahakikiwe mwanzo, katikati na mwisho, tena kwenye faili lile linalokwenda kiwandani.

Mtoto wa Ngamiani
Kitabu kifungwe kwa pini au gundi?

Fundi Miraba
Pini. Kitabu kinalala wazi mezani, mtu anaandika kwa raha. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne.

Kapu la Makuti
Mafumbo 90, ukurasa mmoja kila moja, majibu manne kwa ukurasa ni 23 tena. Zaidi ya 113, pini hiyo ya nini? Gundi.

Fundi Miraba
Basi gawa vitabu viwili.

Yakhe wa Raskazone
Mnavyotaka, ila karatasi iwe gramu 80 isiyong'aa. Ya gramu 60 inaonyesha upande wa pili, ya kung'aa haishiki penseli. Nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo, la sivyo kurasa zinakunjamana. Na unyevu wetu huu wa bahari: jalada lenye plastiki upande mmoja linajikunja, maana upande wa ndani unanyonya na wa nje haunyonyi. Maboksi yasikae kwenye sakafu ya saruji, yapandishwe mbao.

Bi Chumbageni
ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ombeni Bodi ya Huduma za Maktaba kabla jalada halijafungwa. Mkipewa, ihakikini: zidisha tarakimu kwa 1, 3, 1, 3 hadi ya 13, jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna aliyekosea kunakili.

Mtoto wa Ngamiani
Shukrani. Kesho nakusanya ruhusa, na kila jina nitalirudisha kwa mwenyewe alisome herufi kwa herufi.