Mrejesho: nimeanza na grainda na msumeno wa chuma

Wakuu, niliuliza nianze na kifaa gani cha kukatia chuma kwenye karakana yangu ya kuchomelea nyumbani, mkanishauri mashine kubwa ya kukatia isubiri. Nimewasikiliza. Nimechukua grainda (mashine ya mkono inayozungusha diski ya kukatia) ya diski yenye kipenyo cha milimita 115 na msumeno wa mkono, wembe wa meno 24 kwa inchi.

Diski yenye unene wa milimita 1 inapita kwenye paipu ya mraba bila shida, mradi usiilazimishe. Mimi niliipinda kidogo tu katikati ya mkato, ikapasuka paa! Kinga ya grainda, kile kifuniko cha diski, ilikuwepo, vipande vikaishia humo. Sitaiondoa kinga hiyo kamwe, hata kona ikibana. Msumeno ni wa vipande vyembamba, na usiku majirani wakilala. Asanteni sana.